Aya Tatu Nilizoziruka

Jumapili moja ya mwaka 2019, katika usharika niliokuwa nautumikia kwenye vilima vya Mufindi, nilihubiri mahubiri yaliyozungumzwa wiki nzima. Mchungaji hujua kwamba neno limefika pale watu wanapolirudia nje, kwenye mnada wa mazao baada ya ibada. Siku ile, kuku na madebe ya viazi yakiwa yananadiwa chini ya mkaratusi, niliwasikia wazee wawili wakiulizana huku wanacheka, "Mfalme ameshafika kwako?"

Nilikuwa nimehubiri kutoka kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, kuanzia aya ya 10. Waisraeli wanataka mfalme kama mataifa mengine, na Samweli anawaambia mfalme huyo atawafanya nini. Atachukua vijana wao wakimbie mbele ya magari yake. Atachukua binti zao wawe wapishi na waokaji. Atachukua mashamba yaliyo mazuri, na mizabibu, na sehemu ya kumi ya nafaka na ya kondoo. Nilihesabu kwa vidole kila mara neno hilo lilipojirudia, na vidole vya mkono mmoja vikaisha, nikahamia mkono wa pili. Kanisa lilikuwa kimya kabisa. Kila mtu alijua kwamba sikuwa nazungumzia Israeli. Nilikuwa nazungumzia CHF.

Kwa msomaji ambaye hajaishi kijijini, nieleze kidogo. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wote tunauita CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka kiasi kidogo kilichopangwa na halmashauri yake, serikali ikaongeza sawa na kilichochangwa, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele, na familia ikatibiwa kwenye zahanati yake bila kulipa tena. Kwetu tulilipa shilingi 10,000. Kamati ya zahanati ilichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na ilikuwa na sauti. Nilikuwa mjumbe wake kwa kuwa ni mchungaji. Kisha, kuanzia mwaka 2018, ikaja CHF iliyoboreshwa. Kiwango kikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uandikishaji ukawa kwa simu, kadi ikafanya kazi kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, na mfuko wenyewe ukahamia mkoani.

Hilo neno la mwisho ndilo lililonichoma. Mkoani.

Ili nieleweke, lazima nimtaje baba yangu. Alikuwa mtunza fedha wa chama cha msingi cha wakulima wa pareto. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, alikuja bwana mmoja na Land Rover, baba akamkabidhi vitabu vya hesabu, mhuri, na ufunguo wa kasha la chuma. Wakulima walikuwa wamesimama nje wanatazama. Hakuna aliyewaeleza neno. Miaka minne kabla yake, mwaka 1972, mabaraza ya wilaya yalikuwa yamefutwa vilevile, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo baba alilitamka kila mara kwa tabasamu la uchungu, kwa sababu madaraka aliyoyaona yeye yalikuwa yanaondoka kijijini, hayaji. Na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara, mpaka zilipofunguliwa tena mwaka 1991. Nisiwe mchoyo wa haki: Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Viongozi wachache sana wamewahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani.

Lakini kasha lile lilikuwa na funguo mbili, na ule wa pili baba aliusahau mfukoni. Mimi nilizaliwa miaka kadhaa baadaye, nikaukuta umening'inia kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Tuliuchezea utotoni. Kila mgeni aliyeuliza ni wa nini, baba alianza hadithi upya, nasi watoto tukawa tunajua mahali atakaponyamaza. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mfuko wa zahanati yetu unahamia mkoani, sikusikia habari za matibabu. Nilisikia mlio wa Land Rover.

Kulikuwa na jambo la pili lililonifundisha kupinga, nalo lilitoka mbali zaidi. Dayosisi ya Iringa ina undugu wa miaka mingi na sharika za eneo la Saint Paul, Minnesota, undugu unaoitwa Bega kwa Bega. Mwaka 2010 nilikuwa mchungaji mpya karibu na Iringa mjini, na wageni kutoka huko walikula chakula cha jioni nyumbani kwangu. Machi ya mwaka uleule Rais Obama alikuwa ametia saini sheria ya kubadilisha bima ya afya nchini Marekani, sheria iliyowataka karibu watu wote wawe na bima au walipe adhabu, na wageni wangu walibishana juu yake mpaka chai ikapoa. Mmoja alikuwa mkulima, mtu mkubwa mwenye mikono kama ya wazee wetu. Alisema alipofanyiwa upasuaji, usharika wake uliandaa chakula, watu wakaja wakala na kuacha fedha, na majirani wakamvunia mahindi. Hakuhitaji Washington imlazimishe jirani yake kumpenda, alisema. Mama mmoja muuguzi aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza akamuuliza: na yule ambaye hana usharika? Mkulima hakujibu haraka. Mimi kijana nilikuwa nimeshachagua upande kabla hajafungua kinywa. Nilimpenda yule mkulima. Swali la yule mama nililisahau kwa miaka tisa.

Basi baada ya mahubiri yale ya 2019, baraza la wazee likakubaliana na wazo langu: usharika uanzishe mfuko wake wa wagonjwa. Kila kaya itoe shilingi 1,000 kwa mwezi, fedha zikae kwenye sanduku la mbao ofisini, mzee wa kanisa mmoja ashike ufunguo, taarifa isomwe ibadani kila robo mwaka. Sikumkataza mtu kulipa CHF. Hilo nimelisema mara nyingi kujitetea, na ni kweli, sikulitamka. Lakini mchungaji akisimama madhabahuni na kuhesabu kwa vidole mfalme atachukua nini, kisha wiki ya pili akatangaza mfuko wa kanisa, nani atahitaji kukatazwa? Yule kijana mwandikishaji aliyekuwa anazunguka na simu yake alinijia mwezi uliofuata, mpole sana, akaniambia, "Mchungaji, kwenye mtaa wako nimeandikisha kaya nne tu." Nilimpa chai. Nilijisikia vizuri.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, kijana wa mjane mmoja wa usharika wetu alishikwa na tumbo. Jina la mama huyu nalihifadhi. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyebaki nyumbani kumsaidia shamba. Walidhani ni chakula. Siku ya tatu akapelekwa kituo cha afya, kutoka kituo cha afya akapelekwa hospitali kubwa mjini, na huko ikaonekana kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa. Alipasuliwa mara mbili. Alilazwa wiki tatu na siku kadhaa. Namshukuru Mungu, yu hai, na leo ana mtoto.

Gharama ilifika shilingi 640,000. Sanduku letu la mbao lilikuwa na 212,500. Tulifungua sanduku lote, tukafanya harambee Jumapili, tukapata 96,000 nyingine na mahindi. Nilipiga simu kwa marafiki. Wakati ule sharika zilikuwa zimetikiswa na korona, sadaka zilikuwa zimeshuka, na hao marafiki wengi walikuwa wachungaji kama mimi. Deni lililobaki yule mama alilimaliza mwenyewe. Alikuwa na nusu eka ya paina aliyoipanda marehemu mumewe mwaka mmoja kabla ya kufa. Mtu yeyote wa Mufindi anajua shamba la miti ni nini kwetu: ni benki, ni ada ya chuo, ni nyumba ya matofali, ila usiiguse kabla ya wakati wake. Miti ile ilikuwa na miaka sita. Mnunuzi akaikata kwa ajili ya mirunda ya kujengea, kwa bei ya mirunda. Ingekaa miaka kumi mingine, ingekuwa mbao.

Nilipita njia ile siku waliyokuwa wanapakia kwenye lori. Nilisimamisha pikipiki. Sikushuka.

Miezi michache kabla, kijana mwingine wa kijiji kilekile alikuwa ameugua ugonjwa uleule na kupasuliwa katika hospitali ileile. Baba yake ni mmoja wa zile kaya nne. Ameshindwa sana maishani, mlevi, haonekani kanisani ila Krismasi, na siku ya mahubiri yangu bila shaka alikuwa bado amelala. Alionyesha kadi ya shilingi 30,000, mwanawe akatibiwa, akarudi nyumbani.

Nililibeba jambo hili karibu mwaka mzima. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kumsikiliza mwenye dhambi akiungama, lakini hatukufundishwa mchungaji aseme nini kwa muumini aliyeumizwa na mahubiri. Hatimaye nilikwenda. Nilimkuta amekaa uani anapukuchua mahindi. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akanisogezea kigoda.

"Mama," nikamwambia, "nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini tena, Mchungaji?"

"Wa mahubiri yale. Ya mfalme."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi lile likaisha. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza, "Ulisema mfalme akija atachukua shamba. Haya, shamba limekwenda. Nimekaa hapa najiuliza, ni mfalme gani aliyelichukua?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza jambo jingine. "Hao watu wa Samweli, walimtakia nini huyo mfalme? Walikuwa wajinga?"

Nilikuwa na Biblia kwenye begi. Nilifungua mahali palepale, nikamsomea, safari hii kutoka aya ya kwanza. Na katika zile aya tatu za mwanzo imeandikwa wazi kwamba Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe wawe waamuzi, nao hawakufuata njia za baba yao. Walipenda fedha, wakala rushwa, wakapotosha haki. Ndipo wazee wa Israeli wakaenda Rama kudai mfalme. Nilikuwa nazifahamu aya hizo tangu chuoni, nimeshazifanyia hata mtihani. Nilipoandaa mahubiri nilianza aya ya 10 kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na moto.

Yule mama aliweka gunzi chini. "Kumbe," akasema, "walikuwa watoto wa mchungaji."

Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Mwaka 2015, kwenye kamati yetu ileile ya zahanati, kamati yenye sauti, ya wanakijiji wenyewe, kitabu cha stakabadhi kilipotea. Pamoja nacho zilipotea fedha za kaya kama thelathini. Aliyekuwa anakishika alikuwa mtu wa kanisa, wa familia yenye heshima kanisani, na mwezi huohuo nyumba yake iliezekwa mabati mapya. Wote tuliona mabati. Mimi nilikuwa mjumbe. Tukaliita jambo la ndani, tukaomba, tukamshauri arudishe taratibu, akarudisha kidogo, tukanyamaza. Tuliona tumeitunza amani ya usharika. Wale ambao stakabadhi zao hazikuonekana walikwenda zahanati wakaambiwa hawamo. Yule mama alikuwa mmoja wao. Hayo ameniambia siku ile ya mahindi, miaka sita baadaye.

Kwa hiyo si kweli kwamba mfalme aliingia kijijini kwetu kwa nguvu zake tu. Tulimfungulia mlango kwa kunyamaza kwetu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tangu siku ile nimegeuka, sasa namsifu kila anayekusanya fedha za wagonjwa akiwa mbali. Sikugeuka hivyo. Sasa nafundisha kwenye chuo cha theolojia, na kila mwaka wanafunzi wangu wa historia ya kanisa nawasomesha maandishi mawili ya Martin Luther ya mwaka mmoja, 1523. La kwanza linajulikana: anauliza mamlaka ya kidunia yatiiwe mpaka wapi, na anajibu kwamba mtawala ana upanga juu ya mwili na mali lakini hana mamlaka juu ya roho. Wanafunzi wanalipenda, hasa wale wenye hasira na mtendaji wa kata. La pili halijulikani sana. Ni dibaji aliyoiandikia kanuni ya usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, uliokuwa umeamua kukusanya mali ya kanisa na michango ya watu katika kasha moja la pamoja, ili kuwatunza wagonjwa, wazee, yatima na maskini, kulipa wachungaji na kuendesha shule. Hapo mambo yanakuwa magumu kwa wanafunzi wangu, kwa maana kanuni ile inasema kama mapato hayatoshi, kila mmoja atachangia kila mwaka kwa kadiri ya uwezo wake, mwenye nyumba na hata mtumishi. Haikuachwa iwe hiari ya moyo. Mwaka uleule ambao Luther alimwekea mtawala mpaka, alibariki mchango wa lazima kwa ajili ya wagonjwa.

Lakini ninachowataka wakione zaidi ni lile kasha lenyewe. Lilikuwa na makufuli manne. Ufunguo mmoja waliushika watu wa tabaka la juu, mmoja baraza la mji, mmoja raia wa mjini, na mmoja wakulima wa vijijini. Halikuweza kufunguka mpaka wote wanne wawepo. Wasimamizi walikuwa kumi, walikutana kila Jumapili, na walipaswa kusoma hesabu mbele ya watu wote. Nilipolisoma mara ya kwanza nikiwa mwalimu, niliweka kitabu chini nikamfikiria baba yangu, na ule ufunguo wa pili kwenye msumari, ambao haukuwa na kazi kwa sababu kasha lilikuwa limekwenda. Kisha nikalifikiria sanduku letu la mbao lenye ufunguo mmoja, mikononi mwa mzee mmoja niliyemchagua mimi.

Niongeze kwamba kasha la Leisnig halikufanikiwa kama lilivyoandikwa. Baraza la mji lilikataa kuachia mali zilizokuwa mkononi mwake, Luther akamwandikia mtawala wa Saxony kumwomba aingilie, na fedha hazikutosha. Wanafunzi huvunjika moyo wakisikia hivyo. Mimi hunitia moyo kidogo, kwa kuwa ni jambo ninalolijua.

Hivyo upinzani wangu umebaki, ila umebadilisha mahali unaposimama. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofikishwa bungeni mwaka 2022, niliusoma wote. Ulitaka mtu aonyeshe bima ndipo apate huduma nyingine, kama leseni ya udereva, leseni ya biashara, hata mtoto kujiunga na kidato cha tano. Kulikuwa na kiwango kilichotajwa cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na mimi ninayejua sadaka za sharika za milimani zinavyohesabiwa, sarafu kwa sarafu, niliona hapo mtu aliyepanga bei bila kuonana na mlipaji. Kumnyima mtoto wa maskini darasa kwa sababu baba yake hana kadi ya hospitali ni kuchukua, kwa maana ileile ya Samweli. Niliandika hivyo, nikasema hivyo kwenye mkutano wa wachungaji, na ningesema tena. Wengi nchini walipiga kelele, muswada ukarudishwa kutazamwa upya, na sheria iliyopitishwa Novemba 2023 ikaweka pia mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, ambao sehemu ya fedha zake hutoka kwenye ushuru wa vitu kama soda na vileo. Wabishi walisaidia. Sioni haya kuwa mbishi.

Ninachoona haya ni kile nilichofanya 2019: kumpinga mfalme kwa hasara ya mtu mwingine. Kadi yangu mimi nilikuwa nayo. Mke wangu ni mwalimu wa serikali, bima inakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi, na nilipougua vidonda vya tumbo mwaka uleule nilitibiwa kwa kadi hiyo bila kufikiri mara mbili. Nilisimama madhabahuni nimevaa joho, na chini ya joho kwenye pochi ilikuwamo kadi. Hili sikumwambia yule mama siku ya mahindi. Nilimwambia mara ya pili nilipokwenda. Alicheka sana, akaita jirani aje asikie.

Mara hiyo ya pili nilikuwa nimebeba shilingi 30,000 kwenye bahasha, nimlipie CHF ya mwaka. Akaikataa. Alikuwa ameshajilipia baada ya kuuza maharage. Alichotaka kwangu ni kitu kingine. Kadi alikuwa nayo, lakini mara tatu mfululizo alikuwa amekwenda zahanati na kuambiwa dawa ya presha hakuna, anunue duka la dawa. Alitaka kujua fedha zao zilizokwenda mkoani zinarudi vipi, na lini, na nani anaziulizia. Mkutano wa kijiji ulikuwa Alhamisi. "Twende wote," akasema. "Ila wewe usihubiri."

Tulikwenda. Nilikaa nyuma kwenye benchi na wazee. Ajenda ya zahanati ilikuwa ya mwisho, baada ya ng'ombe wanaoharibu mazao na mchango wa choo cha shule, na ilipofika watu walikuwa wameanza kuondoka. Yule mama akasimama, akaweka mtandio wake vizuri, akauliza swali lake. Hakuinua sauti. Mtendaji alijibu kwa heshima kwamba taarifa za mfuko ziko mkoani, zikishuka wilayani zitaletwa, wananchi wawe na subira.

"Sawa, baba," yule mama akasema. "Na sisi tukitaka kuziona kabla hazijashuka, barua tunaandika kwa nani?"

Mtendaji akasema atauliza.

"Basi uliza. Simu si unayo? Sisi tupo."

Akaketi. Wale waliokuwa wanaondoka wakageuka, mmoja akarudi kukaa, kisha mwingine. Yule baba wa zile kaya nne, mlevi wetu, alikuwa ameegemea dirisha kwa nje. Akaingia ndani, akavua kofia. Mtendaji alitoa simu, akaitazama, akatoka nje kutafuta mtandao kwenye kile kichuguu ambako ndiko pekee unakopatikana kijijini pale. Tulimwona kupitia mlangoni, amesimama juu ya kichuguu, anazungumza, anasikiliza, anazungumza tena. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya paina. Hakuna aliyeondoka.